Mkono wa Bi Mara Moja

Machi 3

Meza yangu ya ofisini imejaa kanula. Aina nne, mawakala wanne, na kila mmoja ameapa kwamba yake haina mpinzani. Mume wangu aliponiuliza kinachonichosha siku hizi nikamwonyesha moja: kibomba chembamba cha plastiki kinachoachwa ndani ya mshipa ili dripu ipite, na ndani yake sindano inayokiongoza, ambayo huchomolewa na kutupwa. Akaigeuzageuza, akasema, "Na kadude haka ndiko kanakokununisha hivyo?" Nikamwambia ndiyo, hako, na glovu, na mipira ya dripu, na stendi za kutundikia, na kila kinachoingia hospitalini kikiwa ndani ya paketi. Mimi ndiye mkuu wa vifaa. Kitu kisipofaa, jina langu ndilo linalotafunwa wodini.

Machi 5

Mfamasia anataka tuendelee na kanula ya zamani. "Haijatukosea," anasema, kana kwamba ni ndugu yake. Mimi nataka yenye kifuniko: ukichomoa sindano, kifuniko kinajifunga chenyewe kwenye ncha. Mwaka jana mama mmoja wa usafi alichomwa na sindano iliyosahaulika kwenye shuka, akaishi na hofu mpaka majibu ya vipimo yalipotoka. Yalitoka salama, lakini siku ile ni mimi niliyekaa naye kwenye benchi, na alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mfamasia hakuwepo.

Katika zile nne, mbili zina kifuniko. Nimeipenda moja, ile nyepesi. Na mimi nikishapenda kitu nyumbani kwetu wanajua, huwa wanahama sebule.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Paa la stoo limeanza ubishi wake wa kila mwaka.

Machi 11

Leo tumefanya jaribio. Hapa petu kila jambo gumu lina mwenyewe, na mwenye mishipa ni Bi Mara Moja wa wodi ya watoto. Mtoto ameharisha mpaka mishipa imezama, manesi wamechoma hapa wamechoma pale, mama wa mtoto analia kuliko mtoto. Hapo ndipo anapoitwa. Anakuja bila haraka, anashika kale kamkono, na mara moja imeingia. Jina lake la kwenye kitambulisho nadhani hata mhasibu amelisahau.

Basi nikampa boksi la ile nyepesi aitumie zamu nzima, mimi nikasimama pembeni. Hakukosa hata mtoto mmoja. Nikamuuliza anaionaje. "Inaingia," akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Kwenye kamati ya vifaa mfamasia akasema tungewapa na manesi wengine waijaribu kabla ya kuagiza. Nikamjibu, kama imemridhisha Bi Mara Moja, nani mwingine ataitoa kasoro? Wote wakacheka, naye akacheka shingo upande, ikapita. Nimetembea korido nzima kichwa kikubwa.

Machi 12

Wifi yangu amefurahi kuliko mimi. Huyu ni kitinda mimba kwao, mdogo wa mume wangu, anaishi kwetu tangu alipomaliza chuo cha uuguzi. Yuko wodi ya watoto kwa miezi ya majaribio, na Aprili matroni ataamua kama anathibitishwa kazini au anarudishwa nyumbani. Hana mpango mwingine maishani. Tangu akiwa na meno ya utoto alikuwa akiifunga bandeji mito ya kitanda, hivyo ndivyo kaka yake anavyosimulia, na kila akisimulia anaongeza mto mmoja.

"Wifi," ameniambia wakati tunaosha vyombo, "umetuletea kitu cha kisasa. Nitakuwa Bi Mara Moja wa pili."

"Wa kwanza bado hajachoka," nikamwambia. Akanirushia povu.

Machi 24

Shehena imefika. Za zamani zilizobaki tumezimaliza wodini, zote sasa ni mpya. Nimesaini kwa mkono wangu na mwandiko mzuri.

Machi 30

Mvua, mvua. Wodi ya watoto imeanza kujaa, kuharisha kwa kila msimu kumekuja na mizigo yake. Nimeongeza maji ya dripu.

Aprili 2

Wifi amerudi kutoka kazini kimya, akala amesimama. Nilipomchokoza akasema amekosa mishipa leo, mtoto mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia ni uchovu, alale.

Aprili 6

Nesi wa wodi ya wanaume amenisimamisha kwenye ngazi: "Mkuu, hizi kanula zako mpya zina kiburi." Nikamwambia kiburi ni chake. Nawajua watu wangu. Tulipobadilisha glovu walisema zinabana, tulipobadilisha plasta walisema hainati, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekumbuka ya zamani. Kipya hakikosi kununiwa.

Aprili 9

Nimefanya jambo leo, na nimekaa na kalamu hii muda mrefu kabla ya kuliandika.

Nilipeleka mipira ya dripu wodi ya watoto mwenyewe, kwa sababu mpagazi amekwama kwenye tope. Wodi imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa wifi yangu, ameinama juu ya mtoto wa kike aliyelegea. Akachoma. Akatulia akitazama nyuma ya kanula, kwenye kile kidirisha ambamo damu huonekana ukishaingia mshipani. Akasogeza mbele kidogo. Damu ikaja, uso wake ukafunguka, akaunga dripu. Hapo hapo ngozi ya mtoto ikaanza kuvimba. Maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama, siyo kwenye mshipa. Akachomoa, akahamia mkono wa pili, na ikawa vile vile.

Mama wa mtoto akaniangalia mimi, kwa kuwa nimevaa nguo za ofisini. Manesi wakaniangalia. Kila mtu anajua kwamba ni wifi yangu, na kila mtu anajua kwamba kanula ni zangu. Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu ulimi wangu hautafuti ruhusa. Nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni, "Toka hapo. Aje mwenye mkono."

Akatoka. Bi Mara Moja akaja, ikaingia. Kanula ile ile, boksi lile lile.

Mama wa mtoto akasema, "Yule mwingine asimguse tena mwanangu." Baada ya hapo kina mama wa vitanda vya jirani nao wakasema hivyo hivyo. Nilimwona wifi yangu akipanga chupa ambazo zilikwisha kupangwa.

Nyumbani hakula. Mume wangu akaniuliza, "Umemwambia nini mdogo wangu?" Nikasema kazi ni kazi. Akaenda kumgongea mlango.

Aprili 13

Nyumba hii sasa redio tu ndiyo inayoongea.

Aprili 17

Wifi alinikuta napiga pasi. Akasimama mlangoni, mikono ameificha nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Wifi, haiwezekani ikawa ni kanula?"

"Bi Mara Moja anatumia nini?"

"Hiyo hiyo."

"Basi umejijibu."

Akaitoa mikono yake, akaitazama. Ana vidole vizuri, virefu. "Basi ni mimi," akasema. Alikuwa akingoja niseme hapana, hata kwa kumdanganya. Niliendelea na kola ya shati.

Aprili 21

Maji yamekata barabara, nusu ya zamu ya asubuhi hawakufika. Matroni akapita ofisi kwa ofisi akitafuta kila aliyewahi kuvaa sare. Mimi nilikuwa nesi kabla sijawa mkuu wa chochote, na nilikuwa nesi mzuri. Nikafunga aproni nikashuka wodi ya watoto.

Nilimpata mtoto mnene, mwenye mshipa uliosimama, zawadi tupu. Nikachoma. Nikangoja damu. Haikuja. Nikasogeza mbele kidogo, ikaja, nikafurahi, nikaunga dripu, na mkono ukavimba chini ya kidole changu. Nikahamia mguuni. Ikawa vile vile kabisa, kama nilivyoona siku ile kwenye kitanda cha dirishani. Mtoto akanitazama kwa uchungu wa mtu aliyeonewa.

Akaitwa Bi Mara Moja, ambaye amelala hapa hapa hospitalini kwa sababu ya barabara. Nikampisha. Nikamwambia mama wa mtoto kwamba mimi ni wa ofisini, mkono umeshika kutu. Akasema, "Pole, mama." Wifi yangu hakuwepo, amewekwa chumba cha kupima uzito sasa, watoto hapewi.

Ni kutu tu. Miaka mingi sijachoma mtu. Nimeandika hapa kwa sababu sina haja ya kumwambia mwingine.

Aprili 24

Kikao cha kumthibitisha wifi kimefanyika leo. Sikutarajia kuitwa, lakini matroni ni mtu wa haki, akaniita dakika za mwisho. Wifi alikuwa upande wa pili wa meza, sare imenyooka, hakuinua macho. Mfamasia naye alikuwepo kwa niaba ya kamati.

Matroni akasoma: anachelewa hapana, anajibu vibaya hapana, usafi mzuri, anapendwa na watoto. Kisha kuchoma mishipa, akavuta pumzi. Akageuka kwangu. "Kabla hatujaamua, nakuuliza wewe wa vifaa. Kuna kasoro yoyote ya kifaa inayoweza kueleza hili?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sikuwa na hakika, ni kweli, lakini ningeweza kusema kwamba hata mimi nilikosa majuzi, tena mshipa wa wazi. Maneno machache tu. Nikamwona mfamasia amekaa na kalamu yake, anasubiri. Nikawaza kwamba nikisema hivyo wataona nambeba wifi yangu. Nikajiambia ndiyo sababu. Nilijiambia haraka sana.

"Hakuna," nikasema.

Hawakumthibitisha. Matroni alimwambia kwa upole, akamshauri atafute kazi isiyo ya wodini. Wifi akasema asante kwa kila mmoja wetu, na kwangu pia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na mwavuli wake. Njiani akaniambia, "Usijilaumu, wifi. Umenisaidia sana." Laiti angenitukana.

Aprili 27

Amehamia kwa rafiki yake wa chuo. Kaka yake alimbebea begi. Sare amezifua, amezikunja, akaniachia mimi nizirudishe stoo kwa kuwa stoo ni yangu.

Mei 1

Sikukuu. Nimelala mchana. Mume wangu ananisemesha, lakini kama anavyomsemesha mpangaji.

Mei 4

Leo nilikwenda wodi ya watoto kukagua stendi za dripu, mbili zinayumba. Bi Mara Moja alikuwa anamchoma mtoto kitanda cha karibu. Nimemwona akifanya hivyo pengine miaka kumi, lakini siku zote huwa natazama mkono. Leo nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu la stendi, kwa hiyo niliuona uso.

Alikuwa anamtazama mtoto machoni. Alimpigia ulimi, akamfanyia macho ya kuchekesha, na wakati huo kanula ikaingia. Hakutazama chini hata kidogo mpaka alipotaka plasta.

Nikaacha stendi. "Bi Mara Moja, unajuaje kwamba umeingia?"

"Nasikia."

"Unasikiaje?"

"Kwa kidole. Pana kama mlango mdogo unafunguka."

"Na damu? Kwenye kidirisha?"

Akanitazama kama nimemuuliza anapumuaje. "Damu siiangalii. Tangu zamani. Kwani inachelewa?"

Nilikaa kitandani kwa mtu bila ruhusa.

Nikaenda stoo. Kwenye begi la gari la wagonjwa nikapata kanula moja ya zamani iliyosalia. Nikachukua kipande cha mpira wa dripu, nikakijaza maji yenye rangi, nikafunga ncha zote mbili, nikachoma kwa ile ya zamani. Rangi ikaruka kidirishani pale pale. Nikachoma kwa mpya. Kidirisha kikabaki cheupe. Nikasogeza mbele kidogo, kama tunavyofanya sote tuliofundishwa kuingoja damu, na rangi ikaja wakati ncha imeshatokea upande wa pili wa mpira. Nikarudia mpaka kile kipande kikavuja kila mahali, na mkono wangu wa shati ukalowa.

Damu yake inachelewa. Nesi anaingia mshipani vizuri kabisa, haoni damu, anasukuma, anatoboa ukuta wa pili, halafu ndipo damu inakuja kumpongeza. Hospitali nzima inaweza kukosa kwa kanula hii isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyempa aijaribu.

Nimelia stoo, kati ya maboksi yenye saini yangu.

Mei 6

Nimeiambia kamati yote, na kipande changu cha mpira mkononi. Mfamasia akajaribu mwenyewe, akatikisa kichwa. Nilimngoja aniambie alinionya. Hakusema. Alisema tu, "Tukusanye zote leo," akavua koti akaanza kubeba maboksi na mimi. Miaka yote hii nilidhani ni mtu wa kunitafutia makosa. Tumezunguka wodi zote mpaka magoti yakauma. Yule nesi wa wodi ya wanaume alinikabidhi boksi lake bila neno, na hilo ndilo nililostahili.

Mei 8

Jaribio jipya. Safari hii tumewapa manesi wa kawaida, wa zamu zote, wageni na wakongwe, waliochoka na wasiochoka. Bi Mara Moja tumemwomba akae pembeni, akauliza kama amekosea kitu. Iliyoshinda ni ile nyingine yenye kifuniko. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mezani kwangu, upande wa kushoto wa simu. Mama wa usafi angekuwa salama, na wifi yangu angekuwa kazini. Sikuhitaji kuchagua kati yao.

Mei 10

Nimemwambia mume wangu habari ya kanula. Alisikiliza akifunga kamba za viatu. "Nani amemwambia mdogo wangu?" akauliza. Nikasema bado. "Mimi siwezi kukubebea hilo," akasema, akatoka. Habari ya kikao, na swali la matroni, sikumwambia.

Mei 13

Matroni amekubali. Wifi anaweza kurudi, miezi ya majaribio ianze upya. Nilimwomba barua, akaniandikia. Nilitaka kwenda jioni hii hii. Mvua ikanipa sababu ya kutokwenda.

Mei 18

Mvua imekatika. Nimetoka kwa wifi yangu.

Anauza kwenye duka la vitambaa. Amesimama nyuma ya meza ndefu, mkasi shingoni kwa kamba, na amepungua. Aliponiona akatabasamu, akanisalimia, akamuulizia kaka yake. Nikaanza kueleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Nikamweleza kidirisha, damu inayochelewa, ukuta wa pili wa mshipa, kidole cha Bi Mara Moja. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja kitambaa, pindo juu ya pindo.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu."

"Haukuwa. Nisamehe. Ningekusikiliza ile siku ya pasi."

"Hukujua," akasema. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa kiganja, na kwa muda kidogo nikaona yule wa povu la vyombo. Nikatoa barua ya matroni. Akaisoma, akairudia. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia kwamba chumba chake kiko vile vile.

Akauliza, "Wewe uliwahi kuitumia? Mwenyewe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama nesi anayetaka kujua jambo la kazi. Ningeweza kusema hapana. Hakuna anayejua isipokuwa Bi Mara Moja, mtoto mnene na mama yake.

"Mara moja. Siku maji yalipokata barabara."

"Iliingia?"

"Ilikataa. Mkononi na mguuni. Kama wewe."

Aliacha kukunja. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, siku kwa siku, mpaka akaifikia.

"Hiyo ilikuwa kabla ya kikao."

"Ndiyo."

"Na matroni akakuuliza."

"Ndiyo."

"Nilikuwepo," akasema. "Ulisema hakuna."

Nikaanza maneno ya kutokuwa na hakika, ya kuogopa kuonekana nambeba. Nikayasikia yakitoka, nikanyamaza katikati. Yeye akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akaiweka mezani upande wangu.

"Mshukuru matroni. Mwambie nimepata kazi."

"Wodini watoto wanakuulizia."

"Nikishika mkono wa mtoto sasa, nasikia sauti yako. Nimejaribu hata kwa mtoto wa rafiki yangu, kumkata kucha tu. Nikamrudishia mama yake wembe kabla sijaanza." Alisema bila hasira, na mimi hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandaa nayo. "Wewe ulijua ni kitu gani, ukaniacha niondoke nikijua ni mimi."

Nilisimama pale, barua mbele yangu, mkoba begani, nikimtazama akichukua rula ya kupimia. Watu walikuwa wameingia, mwanamke mmoja alikuwa ananong'ona nyuma yangu kwamba ana haraka.

Tangu siku niliyoolewa kwao hajawahi kuniita jina lingine ila wifi. Akaniangalia kwa upole ule ule anaowaangalia wote wanaokuja pale dukani.

"Sogea kidogo, dada," akasema. "Kuna mteja."

Nikasogea.